Sehemu Mbili za Ijumaa

Homa Bay
Jumapili, 7 Septemba 1997

Kwa Dada Bhoke Mirumbe,

Hunijui, nami ninakujua kwa karatasi tu. Ninaitwa Gesare, Mama Ratemo. Tangu Machi ndimi ninayemtunzia Mzee Shebwana nyumba yake hapa Homa Bay, ile kazi uliyoiacha wewe. Barua hii anakuletea Nyatichi, mwenzangu wa kanisani, ambaye huja soko la Migori kila wiki. Nimemwambia aulize mama Mkuria anayeuza mbolea kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Akikupata, mpe maji anywe, maana ni mtu wa kusahau kula.

Mzee ameenda Mombasa kwa mwanawe, atolewe mtoto wa jicho macho yote mawili. Amesema atarudi Desemba, kabla ya kura. Nami nimebaki na ile bahari yake ya ndani ya sanduku la kioo.

Iko kama ulivyoiacha. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wapo, yule kaa anayehama na nyumba yake yupo, na katikati kuna lile tumbawe la marehemu Bi Mwanakombo, lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Mzee alinieleza kwamba mkewe alilipakata ndani ya ndoo ya maji ya bahari kwenye gari la moshi, kutoka Mombasa mpaka Kisumu, na hakusinzia njia nzima. Basi dada, tumbawe hilo linafunikwa. Kumeota kitu kama nywele, kijani, ndefu, laini, kwenye mawe yote na kwenye kioo, na sasa zinapanda juu yake. Nikizing'oa leo, keshokutwa zimerudi zikiwa na ndugu zao.

Mzee mwenyewe hajui. Miaka mitatu hii amekuwa akiona vivuli tu. Akirudi atakuwa na macho, na kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni tumbawe la mkewe. Nikimwonyesha jiwe lililokufa, sitaweza kukaa katika nyumba hii, hata kama yeye hatanifukuza.

Aliniachia karatasi ya maagizo. Maji yakipungua niongeze ya mvua tu, kwa sababu yanayopaa ni maji, chumvi inabaki. Nilishe kidogo, mara moja kwa siku. Mstari wa mwisho unasema: "Ukishindwa, mwandikie Bhoke, Migori. Yeye ndiye aliyeitunza vizuri." Mstari huo, nisikufiche, uliniuma kidogo. Lakini nimeshindwa, kwa hiyo nakuandikia.

Mzee husema uliacha kazi kwa ajili ya ugonjwa wa mama yako. Kabla ya kusafiri aliuliza kama ile leso ya Bi Mwanakombo aliyompelekea ilimfaa. Natumai mama amepata nafuu.

Wako katika Bwana,
Gesare, Mama Ratemo


Migori
15 Septemba 1997

Mama Ratemo,

Barua nimepata, na Nyatichi amekunywa maji.

Hizo nywele zing'oe kwa mswaki mpya usiowahi kuguswa na dawa ya meno. Uzungushe kama unavyozungusha uzi, zitajiviringa. Taa uizime mapema, na pazia la dirishani lisifunguliwe. Usitie dawa yoyote, hata mtu akikuapia. Tumbawe liko hai bado? Ukilitazama, lina rangi?

Zaidi ya hayo sijui. Mzee aliandika alivyoona yeye.

Bhoke Mirumbe


Homa Bay
Jumatatu, 22 Septemba 1997

Dada Bhoke,

Barua yako ilikuwa fupi kama telegramu ya msiba, lakini ilinifaa. Mswaki umefanya kazi. Nilivuta nywele nyingi mpaka zikajaa bakuli, nikazianika kwenye jiwe nje, na kuku walipozionja walizitema. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne zilikuwa zimerudi.

Wacha nikwambie na upumbavu wangu, maana mtu akiandika peke yake mezani hujisikia kama anaungama. Niliona ufukweni konokono wanavyolamba mawe ya ziwa mpaka yanang'aa. Nikasema, kumbe Mungu ameshaumba wafagizi. Nikabeba sita kwa kikombe, nikawaweka ndani ya bahari ya Mzee kwa heshima zote. Dada, hawakutambaa hata hatua moja. Walijifunga mlango, wakaanguka chini, na kaa akatoka kuwatazama kama mtu aliyeletewa wageni bila taarifa. Ndipo nilipokumbuka kwamba yale maji ni ya chumvi. Niliwatoa nikawarudisha ziwani, nikawaomba msamaha. Wawili walifunguka. Wanne sijui.

Ulinyamaza juu ya mama yako, nami sitauliza tena.

Tumbawe lina rangi, ya kahawia inayoelekea kijani, lakini upande wa kushoto, pale nywele zilipolala, pametokea doa jeupe, kubwa kama shilingi. Niligusa kwa kijiti. Ni gumu kama mfupa. Upande wa pili ni laini ukiguswa, unajikunja. Kwa hiyo ninaelewa kwamba peupe pamekufa.

Nifanye nini? Maji ninayoongeza ni ya mvua, ya lile tangi la nyuma ya nyumba, sijawahi kutia mengine. Taa nimepunguza. Nimeliombea jiwe, nikiwa peke yangu, maana ningeliombea kanisani wangedhani nimehamia dini ya Mzee. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi nakifanya. Sasa hizo nywele zinaishi kwa nini?

Gesare


Migori
Jumapili, 5 Oktoba 1997

Mama Ratemo,

Nimetoka misa ya kwanza, nimekaa kwenye gunia langu, sokoni bado hakuna watu. Yale ya konokono nilimsomea Monicah anayeuza viatu jirani yangu, akacheka mpaka akamkosa mteja. Sasa kila nikikaa kimya ananiuliza, "Wageni wa kaa hawajambo?" Nisamehe kwa ile barua ya kwanza. Haikuwa hasira kwako.

Swali lako limenikaa kichwani wiki mbili. Mimi ninauza mbolea. Wakulima wa tumbaku kutoka upande wa Kuria huja kwangu, na nimejifunza jambo moja: hakuna jani linaloota bure. Ukiona kijani kimenenepa, kuna kinacholisha. Mwezi uliopita gunia langu moja lilipasuka karibu na mtaro wa maji machafu wa soko. Baada ya wiki mtaro wote ulikuwa umeota utando wa kijani mzito, na ukifuata mtaro unaona pale mbolea ilipoishia na kijani kinaishia hapo hapo. Nilisimama pale kama mjinga nikitazama mtaro, watu wakidhani nimedondosha kitu.

Kwa hiyo usiulize tena jinsi ya kuzing'oa. Uliza nani anazilisha. Kama maji yako ni ya mvua kweli, basi mbolea inaingia kwa mlango mwingine. Fanya hivi. Chagua jiwe moja, linyoe kabisa. Kila asubuhi weka njiti ya kiberiti kando ya nywele uone zimefika wapi. Andika siku, urefu, na kila ulichofanya kwa ile bahari siku hiyo. Kila kitu. Kisha uniletee.

Na hilo la maji ya mvua, una hakika? Tangi halijawahi kukauka mikononi mwako?

Bhoke


Homa Bay
Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Dada Bhoke,

Tangi likauke vipi, na mvua imeanza kama iliyotumwa? Wanasema redioni ni mvua ya El Niño. Tangi linafurika, mfereji wa nyuma unafurika, na kule ufukweni magugu maji yamejikusanya mpaka huoni ziwa, unaona shamba. Maboti yamefungwa ndani kama ng'ombe zizini. Nilipoyatazama nilikumbuka mtaro wako. Ziwa zima nalo, ni nani analilisha?

Daftari langu ni hili. Nilinyoa jiwe Jumatatu iliyopita. Jumanne hakuna kitu. Nililisha kidogo, nikafuta kioo. Jumatano ulitokea unyoya mdogo, na siku hiyo nililisha kidogo, nikaongeza maji ya mvua jagi moja. Alhamisi zilikuwa zimefika robo ya njiti, nami nililisha kidogo. Ijumaa hazikuwa zimeongezeka sana. Nilifagia, nikapika, nikapiga pasi, nikalisha, nikaoga, jua likatua nikiwa tayari. Jumamosi ni Sabato, sikugusa kitu wala sikupima. Jumapili asubuhi nusu njiti. Leo Jumatatu, dada, zimepita kichwa cha kiberiti.

Nilidhani nimekosea, nikaenda kutazama mawe mengine. Ni vivyo hivyo. Tena maji leo yana ukungu, na samaki wa kike amejibanza pembeni. Inakuwa kama kwamba wiki nzima zinalala, halafu Sabato nikiwa kanisani zinaamka. Sijui kama hili ni la elimu au ni la kunijaribu. Ninalitazama doa jeupe. Sasa linatosha shilingi mbili.

Gesare


Migori
27 Oktoba 1997

Mama Ratemo,

Nimeisoma siku zako saba mara nyingi mpaka ninazijua kama rozari. Sasa usinikasirikie. Jumanne mpaka Alhamisi umeandika "nililisha kidogo". Ijumaa umeandika "nikalisha". Hilo neno kidogo lilienda wapi? Na Jumamosi hukugusa kitu. Basi hao samaki siku hiyo wanakula nini?

Bhoke


Homa Bay
Jumatatu, 10 Novemba 1997

Dada,

Nilikukasirikia. Nilikaa siku nane bila kukujibu nikisema moyoni, huyu Mkatoliki anataka kunicheka. Halafu daraja la upande wa Rongo likawa halipitiki, Nyatichi akakosa njia, nami nikapata kisingizio cha kukaa kimya zaidi.

Ukweli ni huu. Ijumaa ninawapa sehemu mbili. Moja ya Ijumaa na moja ya Sabato, nikiitia yote pamoja kabla ya jua kutua. Nimelelewa hivyo. Kwetu siku ya maandalio kuni zinapasuliwa za siku mbili, maji yanatekwa ya siku mbili, viazi vinachemshwa vya siku mbili. Waisraeli nao jangwani siku ya sita waliokota mana pishi mbili kila mtu, na imeandikwa katika Kutoka, mlango wa kumi na sita. Niliona ni haki samaki wanaokaa katika nyumba ninayoitunza nao wahesabiwe. Sikuandika kwenye daftari kwa sababu karatasi ya Mzee inasema kidogo, mara moja kwa siku, na mimi nilijua.

Baada ya kukasirika vya kutosha nilisoma ule mlango tena. Mana iliyobakizwa siku za kawaida iliingia mabuu ikanuka. Ile ya siku ya sita ndiyo haikunuka. Dada Bhoke, nadhani bila kujiambia nilikuwa nikitegemea chakula cha samaki nacho kisinuke.

Jana nilikunja mkono wa nguo, nikaingiza mkono mpaka begani, nikainua jiwe la nyuma. Chini yake kulikuwa na tope jeusi. Nilipolitoa kwenye kikombe lilinuka kama yai lililosahauliwa chini ya kuku. Miezi minane ya Ijumaa zangu ilikuwa pale. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo, halafu nikaanza kuvuta tope kwa mpira, nikajaza ndoo mbili, nikarudishia maji ya bahari kutoka yale madumu ya Mzee ya stoo.

Lakini sasa niambie. Kuwalisha siku ya Sabato siwezi, hiyo kwangu ni kazi ya mshahara. Kuwapa mara mbili Ijumaa ni kuliua tumbawe la marehemu. Kuwaacha na njaa nayo ni dhambi. Nimefungwa pande tatu.

Gesare


Migori
Jumatatu, 17 Novemba 1997

Mama Ratemo mpendwa,

Sikucheka. Monicah alitaka kujua umeandika nini, nikamwambia kaa mgonjwa.

Jibu lako ni rahisi kuliko ulivyodhani. Samaki wafunge. Siku moja bila chakula haiwaui, na tena watalamba mawe kutafuta mabaki, watakusaidia kufagia. Bi Mwanakombo alipokuwa hai, mwezi wa Ramadhani ukifika, na hao samaki alikuwa anawapa kidogo sana, jioni tu, yeye mwenyewe akishafuturu. Alikuwa anawaambia, "Na nyinyi mmo katika nyumba hii." Mwezi ukiisha walikuwa wanang'aa. Kwa hiyo wako wanafunga Sabato, wa Bi Mwanakombo walifunga Ramadhani, na kama ningebaki mimi labda wangefunga Ijumaa Kuu. Samaki wenye dini nyingi kuliko mji mzima wa Homa Bay.

Sasa kaa, nikwambie la kwangu. Wewe umenionyesha lililokuwa chini ya jiwe, na mimi siwezi kuendelea kukufundisha kama mwalimu.

Hizo nywele hazikuanza kwako. Zilianza kwangu. Mwaka juzi, kiangazi, tangi la mvua lilikauka kabisa. Karatasi ilikuwa ile ile, mvua tu. Mzee akasema tungojee, maji ya kunywa tununue na ya kuongeza kwenye bahari yake tuyanunue vile vile kutoka kwa mtu mwenye tangi kubwa, kule juu mbali. Nilienda mara mbili. Mara ya tatu nilishuka ziwani, nikateka ndoo mbili, nikapanda kilima, nikamimina. Mzee akauliza, "Ni ya mvua?" Nikasema ndiyo. Akauliza hivyo miezi mitano, nami nikajibu hivyo miezi mitano, mara moja nikamtaja Mama Maria. Unaona ni mimi niliyekuwa macho yake.

Wakati ule sikujua maji ya ziwa yana nini. Ni hapa kwenye magunia ndipo nilipojua. Mbolea ninayopima kwa gorogoro inamwagwa shambani, mvua inaisomba, mto unaibeba mpaka ziwani Karungu, na ziwa ni moja. Ndiyo maana unaona magugu. Ndiyo maana nilikuuliza juu ya tangi. Nilikuwa natafuta mwenzangu wa kosa.

Nywele zilipoanza kunishinda nilitoroka. Nilimwambia Mzee mama yangu anaumwa. Mama yangu nilimzika Ntimaru mwaka wa tisini na mbili. Mzee aliingia chumbani akipapasa ukuta, akatoka na leso ya mkewe, akasema mgonjwa hufarijiwa na nguo laini. Nikaipokea.

Halafu wewe unaniandikia kwamba kwenye karatasi mimi ndiye niliyeitunza vizuri.

Umwambie au usimwambie, mimi sijui. Tafadhali nijibu.

Bhoke


Migori
Jumapili, 7 Desemba 1997

Mama Ratemo,

Wiki tatu sasa. Nyatichi sijamwona. Wanasema barabara imekatika sehemu mbili, labda ni hilo tu. Nimeanza kuwatazama watu wote wanaoshuka kutoka upande wa Rongo kama walio na deni la habari.

Kama umeamua kutoniandikia, niandikie hilo. Na uniambie tumbawe.

Bhoke


Homa Bay
Jumanne, 9 Desemba 1997

Dada Bhoke,

Barua zako mbili zimefika siku moja, zimelowa, ya kwanza wino umetambaa lakini nimeisoma yote. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nimekaa na ungamo lako nikilipima. Lilikuwa Rongo, kwenye begi ambalo Nyatichi aliliacha kwa shemeji yake barabara ilipokatika; shemeji huyo ndiye aliyelileta, pamoja na barua ya pili aliyokabidhiwa na msafiri wa Migori.

Kwanza tumbawe. Alhamisi ya mwisho ya Novemba nguzo ya stima ilianguka na mvua. Pampu ikazima, taa ikazima. Nilidhani zitarudi jioni. Hazikurudi. Ijumaa asubuhi samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakitafuta hewa. Nilichukua kikombe, nikawa nateka maji na kuyamwaga kutoka juu, yatoe povu, yachukue hewa. Ukiacha dakika ishirini wanapanda tena. Siku nzima hivyo. Jua likatua, Sabato ikaingia, na mimi nimeshika kikombe.

Nitakwambia kwa nini sikukiweka. Si kwamba nilijipa ruhusa. Niliwaza yule ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, ambaye Bwana aliuliza ni nani asiyemtoa mara moja. Nikasema, wangu wako kisimani tayari, wamezaliwa humo, kazi yangu ni kuwabakiza hai. Kulisha sikulisha, walifunga. Lakini kumwaga nilimwaga. Asubuhi sikwenda kanisani, mara ya kwanza tangu kumzika mume wangu. Saa saba mchana Nyatichi akaja kuona kama ninaumwa. Alisimama mlangoni na Biblia kwapani, akanitazama mimi, akatazama kikombe. Nilijua kesho yake kanisa zima litajua. Akavua kilemba, akakitundika kwenye msumari, akaniuliza, "Kikombe cha pili kiko wapi?"

Stima ilirudi siku hiyo hiyo alasiri. Nilikuwa nimefunga mapazia siku zote tatu ili maji yasipate joto. Nilipofungua, dada, zile nywele zilikuwa zimepauka kama sufu. Ukizigusa zinaachia zenyewe. Kaa alikuwa amekaa katikati anazila kwa mikono miwili. Hazikupata chakula, hazikupata mwanga, na hakuna aliyewahi kuzifanyia hivyo kabla. Nilivuta zilizobaki kwa mpira. Tangu hapo nalisha kidogo siku sita, wanafunga moja, na njiti ya kiberiti haijapata kazi.

Tumbawe li hai. Doa limebaki. Ni shilingi tatu, halirudi nyuma.

Sasa la kwako. Nimelisoma mara tatu. Mzee akirudi nitamwambia Ijumaa zangu. Ndoo zako ni zako, sitazibeba mimi mpaka kwake. Lakini usifikiri nimekaa mbali na wewe. Sisi wawili tumelilisha jani lile lile.

Gesare


Homa Bay
Ijumaa, 26 Desemba 1997

Dada Bhoke,

Ninaandika haraka, jua linakaribia kutua na viazi viko motoni.

Mzee alifika juzi. Amekonda, amevaa miwani myeusi. Hakutaka chai. Alivuta kiti mpaka mbele ya bahari yake, akakaa, akavua miwani. Nilisimama nyuma yake na mikono yangu sijui niiweke wapi. Alitazama, dada, kwa muda wa sala ndefu. Samaki walikuja kwenye kioo kama wanaomjua. Halafu akasema, "Alikuwa analifuta vumbi kwa unyoya wa kuku, Mwanakombo. Upande wa kushoto pamekufa."

Nikamwambia. Yote, tangu Machi, sehemu mbili, tope, hata konokono. Sauti ilinitoka kama ya mtoto anayesoma ubao. Hakugeuka. Aliposikia Waisraeli na mana, mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akasema hajawahi kusikia samaki waliowekwa katika torati.

Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Na Bhoke?"

Nikasema ya Bhoke atayasema Bhoke.

Akaingiza kidole majini, akakilamba, kama anavyofanya kila asubuhi, nami siku zote nilidhani ni mazoea ya uzee. Akaniambia, "Miaka ishirini na sita serikali ilinilipa nipime maji ya ziwa hili. Nikiwa kipofu kabisa bado nitayajua kwa ulimi. Alikuwa anapanda kilima na ndoo mbili, ninamsikia anavyohema kabla hajafika mlangoni. Nikimuuliza, anasema ya mvua. Ningemwambia nini, arudi akatafute mvua?" Halafu akasema kwa sauti ya chini, akilitazama lile doa, "Na mimi nilinyamaza. Jiwe la mke wangu, na nilinyamaza. Kwa hiyo tulikuwa watatu."

Nilimuuliza mbona basi aliandika kwenye karatasi kwamba uliitunza vizuri. Alisema hakuandika kwamba husemi uwongo. Aliandika alichosikia: mtu anayehema.

Hilo la maji, basi, alikuwa nalo siku zote. Lakini dada, nisikufiche. Aliporudisha miwani usoni aliniuliza jambo jingine. Aliuliza, "Na mama yake amepona? Ile leso ilimfaa?" Hilo halijui. Aliuliza kwa moyo wote.

Nilisema viazi vinaungua.

Gesare


Migori
Jumatano, 31 Desemba 1997

Mama Ratemo,

Nimepiga kura, kidole changu bado ni cheusi. Foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa na barua yako ndani ya nguo, nikiisoma kila tulipopiga hatua.

Monicah atanikalia magunia. Ninakuja Jumapili, nitatoka baada ya misa ya kwanza, na kama barabara imekatika nitashuka nitembee. Jumamosi sitakuja, nisije nikawakuta samaki wamefunga na wewe huwezi kunipikia.

Mwambie Mzee ninakuja, usimwambie zaidi. Sitamwambia mama alipona. Nitamwambia amelala Ntimaru chini ya mchongoma tangu mwaka wa tisini na mbili, na kwamba leso ninayo. Iko kama alivyonipa, imekunjwa mara nne. Tangu siku ile sijaweza kuivaa wala kumpa mtu.

Niwekee na kikombe. Nataka kuyaonja hayo maji.

Bhoke